Mwosha Kuta wa Kasuku

Mtu aliyeosha kuta za saruji za ofisi zetu pale mtaani Kasuku alikuwa na vidole vilivyokunjamana kwa maji. Kabla ya kuwasha pampu alipapasa ukuta kwa kiganja, akinung'unika peke yake, ndipo akaelekeza mpira wa maji, na ukoga mweusi ukateremka. Safari hii mgeni mkubwa alikuwa anakuja kutoka Bukavu, basi Chama tawala kikamwagiza aoshe nyumba ya uzazi kwa maji ya tangi, upande wa barabarani tu. Ndani, mabomba yalikuwa makavu tangu Pasaka. Mbambu, ambaye dada yake alikuwa amejifungua asubuhi ile, alitoka na ndoo kwenda mto Lualaba, akasimama kuangalia maji yanavyomwagika ukutani. Yule mtu akageuza mpira, akamjazia ndoo.

“Citoyen, mwananchi, ukuta!” akafoka mkubwa wa Chama aliyesimamia kazi.

“Ukuta iko na kiu?” akajibu mwoshaji. “Wamama wamezaa humu, hawana hata maji ya kunawa!” Akawaita wengine walete ndoo.

Mgeni alipita kesho yake bila kugeuza shingo. Nusu ya ukuta ilikuwa bado nyeusi, na mwoshaji alikuwa kifungoni. Kosa lake waliliita kuharibu kazi ya taifa.