Bomba la Moshi Nyuma ya Miti

Jumamosi, katika mnada kwenye villa moja ya mtaa wa Golf, hapa Lubumbashi, ililetwa picha ndogo ya rangi za maji yenye mto, miti na anga jekundu. Muuzaji alisema ilichorwa na afisa mmoja wa kikoloni, yule ambaye wazee wetu wanamkumbuka kwa fimbo. Watu wakaigombania kwa ajili ya jina hilo baya.

Aliyepandisha bei kuliko wote alikuwa mzee mmoja wa Mitwaba, jirani yangu wa kiti. Nilimuuliza ataitundika wapi.

"Niko nanunua ya kuchoma," alijibu. "Huyu muntu alipigaka nkambo yangu, papa ya papa yangu, mpaka akakufa."

Hapo mwalimu mmoja wa kuchora, mama wa makamo, akasimama, akaisogelea picha na kuweka kidole nyuma ya miti. Kumbe palikuwa na bomba refu la moshi, lile la kiwanda chetu cha shaba.

"Papa, haiko ye alichora," akamwambia mzee. "Alikufa mbele ya bajenge hii shemine ya moshi. Ni mutoto wa hapa Lubumbashi ndiye alichora."

Sote tulikuwa tumelitazama bomba bila kuliona, kwa sababu tunaamka nalo kila siku. Na yule mchoraji mwongo, kwa ustadi wake wote, hakuweza kuwaza anga letu bila hilo.

Wengine wakashusha mikono. Mzee akaikazia macho picha, kisha akainua mkono wake tena.

"Sitaichoma tena," aliniambia. "Nitaiweka ku salon. Huyu mutoto anajua kuchora, kweli."