Mwanaheri Alivyolifufua Lori la Abdurahmani

Masika ya mwaka uliofuata Uhuru, lori la Abdurahmani liliteleza kwenye mteremko wa Mbwemkuru, likapinduka na shehena yake ya makopa ya muhogo. Abdurahmani alitoka na michubuko tu. Utingo wake, Tomaso, aliyesafiri naye tangu walipokuwa vijana, alifia palepale.

Abdurahmani mwenyewe aliupeleka mwili kwao, Rondo. Alikwenda akitarajia matusi, pengine kipigo. Mama wa marehemu, Bi Maria, alimshika mkono akamwambia, "Na wewe umeumia, mwanangu. Kaa ule."

Wema ule ulimshinda. Aliporudi Lindi hakuwa mtu wa kusemeshwa. Mwishowe akamwambia mkewe, Mwanaheri, kwamba anakwenda Dar es Salaam kutafuta injini nyingine. Akapanda meli. Hakurudi.

Ikaja habari kwamba ameonekana Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Ikaja nyingine kwamba yuko Pangani. Kisha kimya.

Lori lilikuwa limevutwa hadi uani kwa Mwanaheri. Kuku wakataga ndani yake. Akifua analiona, akipika analiona. Dada yake, Kidawa, alimsihi auze vyuma vile, aende kwa kadhi akadai talaka yake. "Wewe bado kijana," alimwambia. "Mwanamume aliyetaka kurudi angekwisharudi."

"Nimekusikia, dada," Mwanaheri alijibu, na neno hilo likaishia hapo.

Alikuwa na shamba la mikorosho Rutamba, urithi wa baba yake. Alipouza mavuno ya msimu ule alikwenda kwa Evaristo, fundi wa magari, akamleta uani. Evaristo akazunguka lori, akainama uvunguni, akainuka akitikisa kichwa.

"Injini imekufa. Kichwa kimebonyea, bodi imeoza. Hayo yote yanabadilishika. Tatizo ni chesisi." Akaupiga kwa nyundo ule mgongo wa chuma unaobeba gari zima. "Imepinda. Bwana Gulamali wa duka la vipuri anaweza kutuagizia mpya. Tukiipata hiyo, kazi itakuwa nyepesi."

"Na namba ya gari?"

"Chesisi ikiwa mpya, gari ni jipya. Utapewa namba nyingine."

"Basi inyooshe hiyohiyo."

"Dada Mwanaheri, watu wanasema namba ile ina mkosi. Unaing'ang'ania ya nini?"

"Injini utabadilisha, rangi utabadilisha, hata mlio hautakuwa ule. Akikutana nalo njiani atalijuaje?"

Evaristo aliweka mkaa chini ya chesisi, akaufukuta kwa mvukuto hadi chuma kikawa chekundu, akakiinua kwa jeki, akakigonga taratibu na kukiacha kipoe. Kesho yake akarudia. Mara mbili kilimrudia kombo, akatukana kwa Kimakonde, akaanza upya. Injini, kichwa na springi vilikuja kwa meli kupitia dukani kwa Gulamali. Seremala akaunda bodi ya mninga. Hata usukani ulikuwa mpya. Siku ulipofungwa, Mwanaheri aliuchukua ule wa zamani, uliolainika kwa viganja vya mumewe, akauingiza chumbani.

Karani wa ofisi ya magari alilikagua lori linalong'aa, akatazama kadi, akacheka. "Mama, hili si gari lile!"

"Soma chesisi," Evaristo alimwambia.

Karani akainama, akaifuta kwa kidole, akazisoma tarakimu zilizochongwa pale. Zilikuwa zilezile. Akagonga muhuri, na namba 907 ikabaki 907.

Evaristo akawa dereva. Mwanaheri alikaa kando yake safari nyingi, Rutamba, Rondo, Kilwa, macho yake yakiwapekua wanaume waliosimama kando ya barabara. Alipofika Rondo hakukosa kumsalimu Bi Maria. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Bado?" "Bado." Wakipepeta mchele pamoja, bila kumtaja yeyote.

Lilikuja Azimio, vikaja vijiji vya ujamaa, na lori likawa linabeba mabati na saruji za shule mpya. Safari moja ya kwenda Tingi, Mwanaheri alikuwa na homa, akabaki. Evaristo aliporudi alivua kofia kabla ya kubisha hodi.

"Nimemwona, dada. Nangurukuru. Nilikuwa nanywa chai, nikamwona mtu amesimama mbele ya gari ameweka kiganja juu ya kibao cha namba. Akaniuliza la nani. Nikamwambia la Mwanaheri. Akalia."

Mwanaheri alishika mwimo wa mlango. "Akasema nini?"

"Akasema, 'Mwambie nimeliona. Mwambie asinisubiri, nina watoto huko nilipo.' Nilimsihi apande nimlete. Akakataa. Akadandia gari la kwenda kaskazini."

Evaristo akangoja kilio. Hakikuja.

"Amezeeka?"

"Mvi kidogo."

"Alikuwa na viatu?"

"Alikuwa navyo, dada. Vizuri tu."

"Alhamdulillahi," akasema, akaingia ndani.

Mwezi ule alikwenda kwa kadhi na Kidawa, na jambo lake na Abdurahmani likamalizika. Lakini homa ilipomtoka kabisa alipanda lori hadi Nangurukuru, akaingia kwenye banda la chai la Adija, akamweleza sura ya mtu yule. Adija alimkumbuka.

"Alikaa pale, kwenye benchi la dirishani. Aliomba chai ya tangawizi."

Mwanaheri akaenda kukaa palepale, akaomba chai ya tangawizi. Nje magari yalipita yakielekea Rufiji, na vumbi likaingia hadi mezani. Evaristo alipopiga honi, Mwanaheri alichungulia dirishani.

"Nisubiri kidogo, fundi," alisema. "Bado ya moto."

Lakini kikombe kilikuwa kimekwisha kupoa, wala hakuwa amekigusa.