Pigo la Tano la Ng'washi

Mimi si Msukuma, kwetu ni Rorya, na ngoma ya Wasukuma nimeijulia kwenye kinu. Chekeni tu. Nyumba yetu ya kupanga hapa Nyakato ina milango sita na kinu kimoja, na mwenye kinu ni Ng'washi. Huyo ndiye ninayetaka kuwasimulia, maana wanaomsema mtaani hawamjui, na mimi namjua mpaka visigino.

Ng'washi anafunga vifuniko vya madumu kwenye kiwanda cha mafuta ya pamba. Ni mfupi, ana mabega ya mtu wa kasia, na mikono yake haijui kutulia. Akisubiri chai ichemke anapiga sufuria. Kanisani wakati wa sala alikuwa anapiga benchi kwa vidole, mpaka katekista akachoka, akamhamishia kwa wanakwaya ili angalau ionekane ni kazi.

Jioni uani tunatwanga udaga, ile mihogo mikavu, yeye na mchi wake, mimi na wangu, kinu kimoja. Anatwanga mara mbili, anagonga ukingo wa kinu mara mbili, kisha mimi nashusha wangu. Akinogewa anasahau kwamba nipo, nami nampigia kelele, "Niachie nafasi yangu, utanivunja vidole!" Anacheka, tunaendelea.

Ngoma kubwa ya kikundi chao cha kucheza ilikuwa ya kaka yake. Kaka akahamia Geita kutafuta dhahabu, na mapigo yake hakuna aliyeyajua isipokuwa dada mtu. Basi Mzee Chenge, mkuu wa kikundi, akampa Ng'washi. Wanaume wakanuna. Aliyenuna zaidi ni Alexander, aliyekuwa amekaa kwenye ngoma ndogo miaka tisa akisubiri hiyo kubwa. Minong'ono ikazidi, Mzee Chenge akakata shauri.

"Jumapili tunashindana na watu wa Sengerema," akamwambia Ng'washi mbele ya wote. "Watu wakibaki kwako, ngoma ni yako. Wakikuhama, ni ya Alexander, na usije kwangu kulia."

Mashindano ya huku hayana majaji wa kukaa mezani na kalamu. Vikundi viwili vinapiga kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kimoja na upande wake, na watu wanakwenda wanakopenda. Filimbi ya mwisho ikilia, mwenye watu wengi ameshinda. Hakuna rufaa.

Jioni hiyo Ng'washi akaja mlangoni kwetu. Kwa kawaida anabisha hodi kwa mapigo hata kuku wanashtuka. Siku hiyo alisimama tu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umefiwa?"

"Naogopa. Ile ngoma wakininyang'anya, sijui hii mikono nitaipeleka wapi."

Aliyesalimiwa ni mume wangu, Mwalimu Okwach. Anafundisha hesabu sekondari, na Mungu anisamehe, nilimpendea hilohilo. Anapima kila kitu. Hata ugali wangu aliupigia mahesabu, unga kwa maji, akaniletea jibu kwenye karatasi. Nikampa mwiko apike yeye, kesi ikaisha. Sasa aliposikia habari ya ngoma, macho yakamng'aa, nami nikajua tumekwisha.

Siku tatu alimrekodi Ng'washi kwa simu, akachora mistari, akasikiliza miziki yote inayopigwa kwa vinyozi mpaka sokoni. Siku ya nne akatukusanya.

"Ngoma zinazopendwa zina siri," akasema, kalamu ikiwa nyuma ya sikio. "Ni uwiano. Tatu kwa mbili. Mapigo mazito matatu, mepesi mawili. Wewe Ng'washi unapiga mazito mawili, mepesi mawili, halafu kimya. Ngoma yako inachechemea. Weka pigo zito la tatu pale penye kimya, watu hawatatoka."

Ng'washi akajaribu. Ikasikika imejaa, imenyooka, safi kama daftari la mwanafunzi wa kwanza. Mimi mwenyewe nilipiga vigelegele. Nilimwambia, "Mwenzangu, fuata hesabu," na maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, siyakani.

Jumapili uwanja ulifurika. Watu wa Sengerema walikuwa wamevuka kwa kivuko tangu asubuhi, wamejaa majigambo na njuga miguuni. Filimbi ikalia, pande zote mbili zikaanza, vumbi likapanda. Watu wakaja kwetu kwanza, kwa sababu mwanamke kwenye ngoma kubwa ni sinema. Wakasimama. Wakasikiliza. Wakatikisa vichwa kwa heshima, kama watu waliopewa hotuba nzuri. Kisha mmoja akaondoka, wakafuata watatu, halafu familia nzima na mtoto wao mgongoni.

Mume wangu alikuwa pembeni anahesabu mapigo. "Yako sahihi," akaniambia. "Yote yako sahihi."

"Na watu je, Baba Winnie? Wahesabu na watu."

Alexander alikuwa ameshaanza kuitazama ngoma kubwa jinsi mtu anavyotazama kiti cha mgeni anayeaga. Ng'washi jasho linamtiririka, anapiga kwa nguvu zaidi, na jinsi anavyopiga ndivyo wanavyokwenda. Roho iliniuma, jamani. Nilikuwa nimesimama mbele kabisa, rafiki yangu anaangamia kwa ushauri wangu, na mikono yangu inaning'inia haina kazi.

Hapo ndipo nikashtuka. Mikono yangu kukosa kazi mbele ya Ng'washi? Lini? Kila jioni akipiga mbili na mbili, mimi nipo. Leo anatwanga peke yake.

Sikufikiri. Nilijaza mapafu nikampigia kelele ileile ya uani.

"Ng'washi, niachie nafasi yangu!"

Akainua uso. Akaniona. Nikamwona anaanza kucheka, meno yote nje, katikati ya balaa. Akapiga mazito mawili, mepesi mawili, akaacha. Nikashusha mguu wangu kwenye ile nafasi, na makofi juu yake. Akapiga tena, akaacha. Bibi mmoja kando yangu akashusha wa kwake, halafu mstari mzima, halafu wachezaji wenye njuga, na ardhi ya Nyakato ikajibu. Waliokuwa wameondoka wakageuka. Nani atakubali kupita penye nafasi wazi bila kutia mguu? Wakarudi wanakimbia, wengine na viatu mkononi, na nyuma yao nikawaona watu wa Sengerema wenyewe, waliokuja kushangilia kwao, wamevuka uwanja na kuanza kukanyaga na sisi. Nilicheka mpaka kilemba kikaanguka. Alexander naye alikuwa anapiga ile ngoma ndogo amefumba macho, amesahau kununa.

Filimbi ilipolia, upande wa pili walibaki wapigaji na mbwa wao.

Mzee Chenge hakuhutubia. Alichukua mkanda wa ngoma kubwa, akamvisha Ng'washi begani, akamfungia mwenyewe. Ng'washi akalia hadharani, na mikono bado inamchezacheza.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mume wangu anapekua daftari. Karibu na kona ya mashine ya kusaga akasimama.

"Mama Winnie, nimehesabu upya. Mazito mawili yake, mepesi mawili yake, na zito moja lenu. Tatu kwa mbili. Hesabu yangu haikuwa na kosa."

"Haikuwa nalo," nikamwambia. "Ila kazi ya watu wawili ulimpa mmoja."

Akafunga daftari, akalitia mfukoni. Ng'washi mbele yetu alikuwa ameanza tena, anapiga ngoma yake huku anatembea, mbili na mbili, kisha anaacha. Na mwalimu wangu wa hesabu, ambaye hakucheza hata siku ya harusi yetu, nikamsikia nyuma yangu anashusha kiatu.