Chenso ya Mzee Magogo

Kinyozi huyu hakuwa mtu wa mashine. Kitu kikubwa kabisa kilichowahi kunguruma mkononi mwake ni mashine ya kunyolea, na hiyo nayo ilipoharibika aliipeleka kwa fundi. Ila nyuma ya jiko la mama mkwe wake kulikuwa na mti uliokufa ukiwa umesimama. Kila tawi lilipodondoka, mama mkwe alimpigia simu binti yake, akamweleza lilipoangukia, kisha akamalizia kwa kusema, "Msalimie mume wako."

Salamu hizo zilimfikia kinyozi mwaka mzima. Wakata miti waliitwa, wakautazama mti, wakalitazama paa la jiko, wakasema watarudi. Hadi leo wako njiani. Halafu tawi moja nene likatoboa bati, na safari hiyo mama mkwe hakutuma salamu. Mke wa kinyozi alikata simu, akamwangalia mumewe kwa kitambo, akatoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka. Kinyozi akajua yamemfika shingoni.

Aliamua kuukata mwenyewe, lakini chenso mpya, ule msumeno wa injini, ilikuwa nje ya uwezo wake. Mteja mmoja, akiwa kitini na povu kidevuni, alimwambia kuna mzee aliyepasua mbao porini maisha yake yote na sasa anauza msumeno wake wa mnyororo. Watu walimwita Mzee Magogo. Kinyozi alifunga duka mapema akaenda.

Aliikuta chenso imelazwa juu ya meza ya sebuleni, imefunikwa shuka safi. Rangi ilikuwa imebaki kwenye pembe tu, na mpini ulikuwa umezungushiwa utepe mweusi. Kinyozi aliuliza kama inafanya kazi. Mzee Magogo alitaka kwanza kujua mgeni wake anafanya kazi gani, kama anakunywa, kama ana mke, na huo mti umeegemea upande gani. Kinyozi alijibu yote kwa adabu, kama mtu aliyekuja kuposa, na alipoulizwa kama ana hasira za haraka alisema hapana, ingawa hakuwahi kufikiria jambo hilo.

"Haya, iwashe," mzee akasema.

Kinyozi aliibeba mpaka uani na kuvuta kamba. Alivuta mpaka shati likamganda mgongoni. Mzee alisimama pembeni, mikono mfukoni, akimwonyesha kwa kidevu: iweke chini, kanyaga mpini wa nyuma, vuta choki ya kubana hewa, sasa vuta kamba polepole mpaka usikie ugumu, halafu ndiyo uvute kweli. Ikakohoa, ikatoa moshi, ikanguruma. Kuku wa jirani wakahama. Mzee alifumba macho akasikiliza kama anayesikiliza taarifa ya habari.

"Izime," akasema. "Njoo kesho tena."

Kumbe hakuwa tayari kuuza mpaka mnunuzi afundishwe. Kinyozi akawa anakwenda kila akifunga duka. Alijifunza kuchanganya petroli na oili, maana ukisahau oili mara moja tu, pistoni inajikwangua na umeshazika mashine. Alijifunza kuosha kichujio cha hewa kwa maji ya sabuni na kukianika kivulini. Alijifunza kukaza mnyororo, usilegee wala usikabe. Ukiuvuta kwa kidole uinuke kidogo na kurudi wenyewe. Kwenye kunoa ndipo alipodhani ataonekana bingwa, kwa kuwa wembe ndiyo kazi yake. Akashika tupa na kusugua mbele na nyuma.

Mzee alimwacha amalize jino zima. Kisha akamwambia kwamba jino hilo sasa limekufa, alifufue. Tupa inakwenda mbele tu. Na kila jino lipate haki sawa na mwenzake. Ukipendelea upande mmoja, msumeno utakata mti kwa kupinda. Mnyororo mkali unatema vipande, butu unatema unga. Ukiona unga, usisukume, simama unoe.

Bei waliafikiana bila kelele. Kelele zilikuwa kwenye sharti: asimwazime mtu yeyote ile chenso, hasa shemeji.

Hata baada ya kuuza, mzee hakuiachia kabisa. Alianza kuja dukani kunyolewa, yeye ambaye ndevu zake zilikuwa zimekwishajiendea zilikotaka. Kabla hajakaa aliomba kuiona mashine, na akikuta maranda yamebaki chini ya kifuniko aliyatazama kwa namna iliyomfanya kinyozi achukue brashi ya ndevu na kuyafagia palepale. Duka likaanza kunuka petroli na manukato kwa pamoja. Wateja hawakulalamika, walifikiri ni manukato mapya.

Baada ya kunyolewa, mzee alikuwa anainua shingo na kungoja kinyozi amfungie vifungo vya shati. Kinyozi alimfungia, akadhani ni uzee tu.

Siku ya kukata ikafika. Mama mkwe alitoa sufuria zake zote jikoni, akaziweka mbali, akajipangia kiti cha kutazamia. Mashemeji wawili walishika kamba iliyofungwa juu ya mti. Kinyozi alikata kinywa, yaani pengo, upande ambao mti ulitakiwa kuangukia, kikatoka vizuri, vipande vikatapakaa. Akazunguka nyuma, akaanza kukata. Alipofika katikati, mti ukajirudi kidogo, ukaukalia msumeno. Injini ikazima. Akavuta, haukutoka. Akavuta tena, jasho likimwingia machoni. Mashemeji walitoa ushauri, kila mmoja wa kwake.

"Sasa ndiyo umemaliza?" mama mkwe aliuliza.

Kinyozi akampigia simu Mzee Magogo. Mzee alifika bila haraka, akauzunguka mti, akauliza kabari ziko wapi. Zilikuwa dukani. Alivuta pumzi, akawaambia mashemeji wakaze kamba na wasiongee, akamwagiza kinyozi achonge kabari kwa panga kutoka kwenye tawi gumu, azipachike kwenye ufa nyuma ya msumeno, agonge kwa kisogo cha shoka. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mikono mfukoni.

Mama mkwe alimtazama mpaka uvumilivu ukamwisha. "Na wewe mwenzangu, mtu mzima, umekuja kukaa? Si umsaidie huyu mtoto wa watu?"

Mzee alitoa mikono mfukoni, akaiweka magotini ili mama mkwe aone. Ncha za vidole zilikuwa zimepauka kama za maiti, na zilikuwa zinatetemeka ingawa hakuna baridi.

"Mama, hii mikono ilishakataa," alisema. "Mtikisiko wa mashine umeimaliza. Nikishika kitu sijui kama nimeshika au nimeachia. Ndiyo maana nikaiuza."

Kinyozi alibaki na shoka mkononi, akikumbuka vifungo vyote alivyomfungia na jinsi hata siku moja hakuuliza. Mama mkwe aliinuka, akambebea mzee kiti chake mwenyewe, yeye akaikalia ndoo.

"Gonga," mzee akamwambia kinyozi. "Mti hautangoja umalize kunihurumia."

Akagonga. Ufa ukapanuka, msumeno ukaachiwa, akauchomoa. Akagonga tena, mti ukalia, ukaenda palepale ulipoelekezwa, ukaliacha jiko na kulisaga beseni moja ambalo mama mkwe alikuwa amelisahau. Wiki nzima iliyofuata, mama mkwe alizungumzia beseni tu.

Mzee Magogo bado anakuja dukani. Anakaa kwenye kiti cha wateja, na kinyozi anapiga tupa meno ya chenso, moja baada ya jingine, huku watu wakisubiri na nywele zao. Kuna mgeni mmoja aliuliza kwa nini kinyozi hamhudumii huyo mzee aliyetangulia. Akajibiwa kwamba anahudumiwa. Mzee hatazami hata. Anasikiliza tu, na tupa ikikwaruza vibaya anasema, "Hilo rudia," na kinyozi anarudia.