Ukuta wa Chumba Namba Sita

Cheti cha hospitali kinasema dada yangu alikufa kwa pumu. Sibishani na daktari. Lakini daktari hakuwahi kuingia chumba namba sita, na mimi nimeukwaruza ukuta wake kwa kucha zangu, kwa hiyo yaliyobaki nitayasema mimi.

Dada alikuwa fundi cherehani. Baba alipofariki nikiwa kidato cha pili, cherehani ya dada ndiyo iliyonifikisha kidato cha nne. Hakuolewa. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia wote waliokuja kumposa walitaka kwanza kupunguziwa suruali bure. Alihamia mji ule wa chuo kwa hesabu rahisi: wanafunzi hunenepa, hukonda kwa mapenzi, na mwisho wa yote huvaa joho lisilowatosha. Kazi haikosekani.

Alipanga chumba namba sita, cha chini, kwenye nyumba ya ghorofa nyuma ya maktaba ya chuo, akakaa miaka kumi na moja. Wapangaji wengine wote walikuwa wanafunzi. Walimwita Mama Pindo. Mwenye zipu mbovu alikwenda kwake, na mwenye mtihani alikwenda kuombewa. Aliwaombea huku mguu uko kwenye pedali, akisema Mungu hachukii kelele za cherehani.

Juu ya chumba chake palikuwa na bafu la wapangaji wa juu. Mwaka wa saba, ukuta wa upande wa kitanda ulianza kutoa jasho. Kisha ukaota kuvu, jeusi kama masizi ya sufuria. Dada akahamisha kitanda, kuvu likamfuata. Vitambaa vya wateja akavifunga kwenye mifuko ya nailoni visije vikanuka uvundo. Yeye mwenyewe hakuwa na mfuko wa kujifungia. Kifua kikaanza kupiga filimbi.

Mwenye nyumba hatukumjua. Nyumba ilikuwa chini ya ofisi ya usimamizi, na ofisi ilikuwa chini ya kijana mmoja nadhifu, viatu vinang'aa, ambaye wanafunzi walimbatiza jina la Tumelipokea. Choo kimeziba? Tumelipokea. Mlango haufungi? Tumelipokea. Unajaza fomu, anaigonga muhuri, anakupa nakala, unarudi na nakala yako kwenye choo kilichoziba.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakuwajua hawa. Hawa hupaka rangi. Kila likizo ndefu walikuja na ndoo, wakapaka rangi ya maziwa juu ya kuvu, ili wazazi wanaowaleta watoto muhula mpya waone pazuri.

Na walikuwa wanajua kusubiri. Mwanafunzi ana hasira za muhula mmoja. Mitihani ikikaribia anasahau, anafunga sanduku, anaondoka, na fomu yake inaondoka naye. Anayebaki naye wana dawa yake. Kila mwaka mpangaji husaini mkataba mpya, na ndani yake upo mstari unaosema amekipokea chumba kikiwa kizima. Ukisaini, lalamiko la mwaka jana limekufa. Dada alikuwa mtu wa kuheshimu tarehe. Kila mwaka alikuwa wa kwanza kwenye foleni, amevaa gauni lake la kanisani, akasaini. Miaka minne aliliua lalamiko lake kwa mkono wake mwenyewe, kisha akajaza fomu mpya.

"Dada, si usome kwanza?" nilimwambia.

"Nimesoma. Nisiposaini nitahamia wapi, na wateja wangu wote wako hapa? Halafu yule kijana ameniahidi, mdogo wangu. Mwaka huu hautaisha kabla bomba la bafu halijatengenezwa."

Aliamini ahadi kwa sababu yeye akikwambia gauni Ijumaa, ni Ijumaa.

Alibanwa na kifua Jumamosi mchana akiwa kwenye cherehani. Wanafunzi wawili wa juu walimbeba mpaka hospitali. Hakutoka. Mazishini kila aliyenishika mkono aliniambia kazi ya Mungu haina makosa. Sikatai, na nimelelewa kwenye imani hiyo. Lakini bomba lile halikuwa kazi ya Mungu.

Siku ya tisa nilikwenda kuchukua vitu vyake. Ufunguo nilikuwa nao, na kodi ilikuwa imelipwa hadi mwisho wa mwezi. Nikakuta mlango wazi. Cherehani imesukumwa kwenye korido, chumba kinanuka rangi mbichi, na Tumelipokea yumo ndani na mama mmoja na binti yake mwenye begi jipya.

"Pole sana, dada," akaniambia. "Tumeondokewa."

"Wewe umeondokewa na nani?"

Akacheka kidogo, kama mtu aliyekanyagwa mguu mbele ya wageni. "Tuongee nje. Hawa ni wateja."

"Na lalamiko la ukuta limefikia wapi?"

"Lile limefungwa. Mlalamikaji hayupo tena."

Alilisema vile vile, kama anayesoma saa. Nikapita mbele yake, nikakwaruza ukuta kwa kucha, nikavuta. Rangi ikatoka kipande kizima, kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa, na chini yake kuvu likawa linatutazama, limelowa.

"Mama," nikamwambia yule mzazi, "aliyekuwa analala hapa ni dada yangu. Tumemzika wiki iliyopita. Alikuwa na kifua. Wako je?"

Mama akamtazama binti. Binti akasema taratibu, "Mimi nina mafua tu."

"Mafua ndiyo yanayoanza," mama akasema, akabeba begi mwenyewe.

Walipoondoka, Tumelipokea akageuka mwingine. "Umeniharibia kazi. Rudisha ufunguo, chukua mali yenu, yaishe."

"Ufunguo utaupata mwisho wa mwezi. Mpaka hapo chumba ni cha marehemu, na mimi ndiye mgeni wake."

"Utakaa kwenye kuvu?"

"Kumbe unajua ni kuvu."

Nikarudisha cherehani ndani, nikatoa kiti, nikakaa mlangoni. Kila mzazi aliyepita na mtoto wake kuangalia vyumba nilimkaribisha aone ukuta. Sikupiga kelele wala kutukana, ingawa matusi nilikuwa nayo, mengine mapya kabisa. Wanafunzi wakaniletea chai. Siku ya kwanza Tumelipokea alinipita bila salamu. Siku ya pili alikuja kunibembeleza, akaniita mama mkubwa. Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, alimleta fundi bomba.

Fundi akapanda juu, akavunja vigae viwili vya bafu. Nikamfuata. Akaingiza mkono, akatoa pete ya mpira imeoza, inamong'onyoka vidoleni.

"Basi ni hii tu, mama. Imekufa zamani. Maji yote yalikuwa yanashukia chini. Kulikuwa na mtu anakaa huko?"

"Kulikuwa."

Akafungua mfuko wake, akatoa pete mpya. Saa tano alikuwa anakusanya vifaa vyake. Akasema ukuta uachwe wazi ukauke, si chini ya miezi miwili, asilale mtu humo. Nilimtaka aliseme mbele ya Tumelipokea na wanafunzi waliokuwa wamesimama kwenye ngazi. Akalisema.

"Sasa umeridhika?" Tumelipokea akaniuliza.

"Katika miaka minne, ulikosa asubuhi moja kama hii?"

Akatazama simu yake.

Nilimpa ufunguo. Wanafunzi walinisaidia kubeba cherehani hadi kwenye gari la mizigo. Sasa iko kwangu, karibu na dirisha. Watu wa kanisani wananiambia nisamehe, nami kila siku napiga magoti kujaribu. Nikisali Baba Yetu, nikifika mahali pa kuwasamehe waliotukosea, naruka, naenda moja kwa moja Amina. Mungu ananiona ninavyoruka. Simfichi.