Klipu Nne na Kamba Mbili

Kufunga beringi si kazi ngumu. Nikikueleza mara moja utaelewa, ingawa mimi mwenyewe ilinigharimu aibu ya siku nzima, na nusura mtumbwi wa mtu.

Beringi ina pete mbili. Ya ndani hukaa kwenye shafti, ule mhimili unaozunguka; ya nje hukaa ndani ya nyumba yake ya chuma. Zisipozuiwa, shafti hutembea pembeni kidogo kidogo. Ndivyo ilivyokuwa mashine ya kukoboa mpunga ya mama mmoja wa Mbwera: klipu ya kuzuia beringi ilikatika, puli ikaanza kusaga fremu. Binti yake alikuwa anaolewa Ijumaa, na mchele wa karamu ulikuwa bado mpunga. Jumatano akaniita kutoka Kibiti.

Nilimkuta mtoni, ndio kwanza anafika na magunia kwenye mtumbwi. Yeye Mndengereko, mimi Mmatumbi, kwa hiyo tulianza na utani kabla ya kazi.

"Babu zako kwenye Maji Maji walitegemea maji yawazuie risasi. Wewe umekuja na dawa gani?"

"Nyundo, mama."

"Bora maji. Haya, nifungie mtumbwi, nikafungue banda."

Maji yalikuwa yamejaa. Nikaufunga kichwani na mkiani, kwenye nguzo mbili za mkoko, kamba zikakaza kama ngoma. Nilijisifu moyoni.

Kwenye mashine nikajisifu zaidi. Klipu moja imekatika? Mimi nitaweka nne! Nikabana pete za nje huku na huku, kwenye nyumba zote mbili, moja kila ncha ya shafti, zisisogee hata unywele. Tukawasha. Ikaimba vizuri, nikakunja mikono kama bwana harusi mwenyewe.

Baada ya muda ikaanza kulia. Kisha ikanuka grisi inayoungua.

"Inazoea, mama," nikasema.

"Inazoea au inakufa?" Akaizima, akatoka kufuata gunia jingine. Mara nikasikia, "Fundi! Umeninyongea mtumbwi!"

Nilikimbia. Maji yalikuwa yamekupwa, na mtumbwi unaning'inia kwenye kamba zangu, umelala ubavu, magunia yameegemea ukingo. Gunia moja lilikuwa limeshaonja tope.

Akakata kamba ya mkiani kwa panga, akailegeza ya kichwani. Mtumbwi ukakaa.

"Huku hatufungi kote. Kichwani funga, usichukuliwe. Mkiani acha, ushuke na maji. Mmatumbi wewe, mlimani maji hayapwi?"

Nilicheka, kisha nikaikumbuka mashine. Shafti ikipata moto hurefuka. Nilikuwa nimeibana ncha zote mbili, haina pa kwenda, ndiyo maana inalia.

Nikarudi bandani. Upande wa puli niliziacha klipu, ili shafti isitembee. Upande wa pili nikazitoa zilizobana pete ya nje, ipate nafasi ya kuteleza ndani ya nyumba yake. Pete ya ndani nikaiacha imefungwa kwenye shafti. Beringi, namshukuru Mungu, zilikuwa bado nzima. Wewe ukifika hapo usiogope kuacha kitu kilegee. Kilegee mahali pake tu.

Tukawasha tena. Nikaweka kiganja juu ya nyumba ya beringi, nikangoja. Vuguvugu. Nikangoja tena. Vuguvugu lilelile, na mchele unamwagika mweupe.

Alhamisi asubuhi gunia la mwisho likaisha. Mama akanifungashia mchele wa njiani, akanisindikiza hadi mtoni. Nilipoinama kuichukua kamba, akaniwahi.

"Hapana, fundi. Mtumbwi nafungua mwenyewe."