Kanali Ndani ya Disketi

Mtacheka, lakini heri niseme mwenyewe. Nilijifunza kompyuta kwa magazeti makuukuu nikiwa Migori, na dukani kwa Mzee Salim, Homa Bay, kulikuwa na laptopu moja tu ndogo. Niliitaka ili niweke Linux, mfumo wa bure ambao kiini chake huitwa “kernel”. Kwa kuogopa kulitamka vibaya neno hilo, nilipekua kamusi. Ilisema hutamkwa sawa na “colonel” ya Kiingereza, yaani cheo cha kanali! Basi njia nzima nikafanya mazoezi: kanali, kanali.

“Mzee, hii itabeba kanali?”

Mzee Salim akashusha miwani. “Kanali gani, mwanangu?”

“Mpya. Ile ya zamani iko na makosa mingi. Nataka kuitoa.”

Kiswahili chetu cha bara hakitenganishi sana mtu na kitu.

“Na ikikataa kutoka?” akanong’ona.

“Nafuta kila kitu, naanza upya.”

Akanikalisha, akaniletea chai na sahani ya kaimati, kisha akatoka mbio. Nikajisemea, hatimaye nimepata mtu anayeheshimu ujuzi. Nikala.

Alirudi na askari wa polisi.

“Wewe! Hiyo kanali iko wapi?” askari akafoka.

Nikatoa mfukoni disketi niliyoiwekea kernel, nikamkabidhi. Akaigeuza, akasoma maandishi yangu nadhifu, akacheka mpaka kofia ikaanguka.

“Mzee, hii ni kernel. Punje tu, kama ya mahindi!”

Mzee Salim akanitazama, akaitazama sahani tupu.

“Punje! Na kaimati zangu zote umemaliza?”